Foromali imepasuka na mlingoti una mstari mweusi: nianzie wapi?

Swali: "Assalaam aleikum ami. Nina mashua ya futi 22 hapa Lamu. Siku nyingi navua, na mara nyingine nachukua wageni kwenda Manda Toto. Juzi tukirudi na kusi tulisikia mlio juu. Tulipoteremsha tanga tukaona foromali (mti unaobeba tanga) imepasuka pale henza (kamba inayoiinua) inapofungwa. Hapo nikaanza kukagua na vingine: roda (gurudumu) ya gofia, ile kapi ya henza, imelika upande mmoja, jarari (kamba ya kuvutia inayopita kwenye gofia) imetoka manyuzi, na mlingoti una mstari mweusi karibu na mwashiri (boriti inayoushika mlingoti). Fundi wa kwanza kaniambia nizungushie faiba foromali na mlingoti, nirudi baharini. Wa pili anasema nitupe vyote, na kamba za ubavuni zinazoushika mlingoti nizitoe nitie waya wa chuma. Pesa niliyonayo haitoshi vyote. Nianzie wapi?"

Waaleikum salaam mwanangu, na alhamdulillahi mmefika pwani salama.

Anzia kwenye kamba. Najua macho yako yako kwenye foromali kwa sababu ndiyo iliyolia, lakini shilingi ya kwanza iende kwenye jarari na henza, ya pili kwenye kuujua ukweli wa mlingoti, foromali iwe ya tatu. Nitakueleza kwa nini, maana ukishaona mzigo unapita wapi kwenye chombo chako, utaweza kuamua hata siku ambayo hakuna fundi wa kumuuliza.

Watu wengi huiona jarari kama kamba ya kupandishia tanga, basi. Lakini tanga likishapanda, kazi kubwa ya jarari ndipo inapoanza. Henza inatoka kwenye foromali, inapita juu ya roda ya kichwani mwa mlingoti, inashuka nyuma mpaka kwenye gofia, na jarari inakwenda na kurudi kati ya gofia na abedari, kapi ya pili iliyofungwa chini. Simama mbali kidogo uitazame mashua kutoka ubavuni. Utaona kwamba kilichoko pale ni kamba iliyokaza kutoka kichwa cha mlingoti kuja nyuma, upande wa joshini, yaani upepo unakotoka. Hiyo ndiyo inayouzuia mlingoti usilalie mbele na upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, tanga linapojaa. Jarari ikikatika katikati ya mkondo, foromali inashuka juu ya vichwa vya mabaharia, na papo hapo mlingoti umepoteza kile kilichokuwa kinauvuta nyuma. Mlingoti mzima kabisa unaweza kuvunjika hivyo, sembuse wenye ugonjwa chini.

Kuna na hesabu mbili za kuweka akilini. Kwanza, foromali na tanga vinavuta chini upande wa mbele wa mlingoti, na henza inavuta chini karibu kwa nguvu ileile upande wa nyuma ili kuvishikilia. Kichwa cha mlingoti na roda yake vinabeba zote mbili, yaani karibu mara 2 ya mzigo unaoudhania. Pili, upepo ukiongezeka kasi mara 2, nguvu yake juu ya tanga inaongezeka mara 4. Kamba iliyokuvumilia kaskazi nzima bila kulalamika inaweza kukatika alasiri moja ya Julai, na wala si kwamba imechakaa siku hiyo.

Sasa, kamba gani? Ile ya plastiki ya buluu au kijani inayouzwa kila duka, polipropilini, iache kwa kazi za ndoo na maboya. Ni nyepesi, inaelea, na bei yake ni nzuri, ila jua letu linaila haraka. Ikwangue kwa ukucha: ikitoa unga, imekwisha hata kama rangi bado inang'aa. Nailoni ina nguvu sana lakini inanyumbuka, na ikilowa inapungua nguvu kidogo. Hiyo ni nzuri kwa nanga, kwa sababu nanga inataka kamba inayopokea mshtuko. Kwa henza na jarari unataka kamba isiyonyumbuka, kwa hivyo tafuta polista. Kamba ya katani au manila si mbaya ikiwa mpya, ila ifunue nyuzi zake mara kwa mara uangalie ndani, kwa sababu huoza kuanzia moyoni. Ukikuta unga wa kijivu kati ya nyuzi, itoe.

Unaponunua jarari, chukua ndefu kuliko unavyohitaji, kama sehemu moja ya kumi zaidi. Kamba hailiki kote; inalika mahali palepale inapokaa juu ya roda tanga likiwa limepanda. Ukiwa na ziada, unakata kipande kifupi mwishoni kila baada ya miezi michache na pale pa kuliwa panahama. Na henza usiifunge fundo kwenye gofia kisha ukasema imeisha. Fundo linaweza kuipunguzia kamba karibu nusu ya nguvu zake, wakati kitanzi kilichosukwa vizuri kinabakisha karibu zote. Unaposuka kamba ya manila, pitisha kila ncha ya uzi mara 3. Kwa polista pitisha si chini ya mara 5, kwa sababu inateleza. Wazee wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo hapo kisiwani, wakikuonyesha mara moja utaijua kwa maisha yako yote.

Tukija kwenye roda ya gofia iliyolika upande mmoja, usiibadilishe kabla ya kuuliza kwa nini imelika hivyo. Roda inayovutwa sawasawa hulika katikati ya mfereji. Ikilika upande mmoja, maana yake gofia ilikuwa inaning'inia imepinda, na kamba inaingia kwa pembe. Sababu mara nyingi ni abedari iliyofungwa mahali pasipo pake, au henza iliyosokotwa ikaizungusha gofia. Kamba ikiingia kwa pembe inakwaruzwa na ukuta wa gofia, na hapo ndipo manyuzi yako yalipotokea. Kisha roda inakwama, watu wanavuta kwa mishtuko, na mishtuko hiyo inapanda moja kwa moja hadi pale henza inapoikamata foromali. Yaani vitu vitatu kati ya vinne ulivyonitajia huenda ni tatizo moja. Ukitia foromali mpya ukaiacha abedari ilipo, mwakani utaniandikia tena.

Roda yenyewe ni kazi ndogo. Mpelekee fundi wa kukereza kipande cha mbambakofi kikavu, au nailoni ngumu ya fimbo kama utaipata. Ukitumia nailoni, mwambie aache nafasi kidogo pembeni na kwenye tundu, maana nailoni hunywa maji ikavimba, na roda iliyobana haizunguki. Upana wa roda, ukipima kutoka ukingo hadi ukingo, uwe angalau mara 5 ya unene wa kamba. Mara 8 ni bora zaidi, kwa sababu kamba inayokunjwa sana inavunjika ndani kwa ndani. Mfereji uwe wa mviringo, sio wa pembe kali. Na pini ya katikati iwe ya shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu. Nondo ya ujenzi iliyokatwa itakula kutu, itavimba, na itaipasua gofia.

Hukuniambia habari za roda ya kichwani mwa mlingoti. Hiyo ndiyo inayobeba mzigo maradufu nilioutaja, na ndiyo isiyotazamwa na mtu kwa sababu iko juu. Mlingoti ukilala, ianzie hiyo.

Na lazima mlingoti ulale. Hili halina njia ya mkato. Mstari mweusi kwenye mwashiri unaweza kuwa jambo dogo au unaweza kuwa jambo la kuzamisha watu, na kwa kuutazama kutoka nje huwezi kujua ni lipi. Subiri maji yakupwe, mashua ikae mchangani imeegemezwa vizuri pande zote mbili, toa kabari zote, muuteremshe mlingoti watu wa kutosha, taratibu, bila mtu kusimama mbele yake.

Kwanza tafuta msumari. Chuma kikikutana na mti wenye tanini nyingi (kemikali ya asili ya mti) hutoa weusi unaosambaa na nyuzi za mti, na mara nyingine weusi huo ni doa tu. Mti wenyewe chini yake ni mzima. Kama hakuna chuma karibu, shuku maji ya mvua. Maji ya bahari hayaozeshi mti kwa urahisi, chumvi inauhifadhi. Kinachouozesha ni maji matamu yaliyokwama mahali pasipopita hewa. Pale kwenye mwashiri, kabari zinabana, maji ya masika yanateremka na mlingoti, yanaingia kwenye ule upenyo na hayatoki. Uozo hukaa hapo kimya, juu panang'aa rangi.

Gonga kwa nyundo ya mti kutoka juu kushuka, ukisikiliza. Mti mzima unalia mkavu. Mahali palipooza panajibu kwa sauti ya kufa. Chomeka ncha ya kisu kwa kukata nyuzi upana, na uiinue: mti mzima hutoa kibanzi kirefu chenye makali, mti uliooza hukatika vipande vifupi. Ukibaki na shaka, chukua keekee nyembamba utoboe mpaka ndani pale penye weusi. Unga unaotoka ukiwa mkavu na wa rangi ya mti, shukuru. Ukitoka mweusi na unyevunyevu, umeshapata jibu. Tundu lizibe kwa kijiti kikavu na gundi.

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na fundi wa kwanza. Faiba juu ya mlingoti uliooza ni hatari kuliko kuuacha wazi. Mti unavimba na kunywea kila msimu, faiba haifanyi hivyo, kwa hiyo baada ya muda zinaachana na maji yanaingia katikati, sasa yamefungiwa. Ile resini ya polista wanayotumia kwa mashua za faiba kule Malindi na Kilifi haishiki mti vizuri vile. Na baya kuliko yote, umejinyima macho: huwezi tena kugonga wala kuchomeka kisu. Sitaki uingie Mkanda, ule mlango kati ya Manda na bara, na wageni wa watu ukiwa na mlingoti usioweza kuukagua.

Kama uozo ni wa juu tu, ukwangue mpaka ufikie mti mzima, uache ukauke vizuri kivulini, kisha upime unene uliobaki. Nguvu ya mti wa mviringo haipungui kwa kadiri ile ile ya unene wake. Inapungua haraka zaidi. Mlingoti wa inchi 5 ukichongwa ukabaki inchi 4 na nusu, umepoteza sehemu moja ya kumi ya unene lakini zaidi ya robo ya nguvu zake. Na mwashiri ndipo mlingoti unapopindwa kuliko mahali pengine popote. Mimi kwa mashua inayobeba watu, nikikuta uozo mahali hapo umezidi kina cha ukucha, sitii gango (kiraka cha mti). Nabadilisha. Ingekuwa uozo uko kitakoni tu, juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), ungeweza kukata kile kipande na kuinua kikalio chake kwa gogo la mti mgumu, ukakubali mlingoti mfupi kidogo. Kwenye mwashiri hakuna hila ya namna hiyo. Mlingoti wa zamani hautupwi, kwa sababu sehemu yake ya juu ikiwa nzima inatosha mlingoti wa kidau au kipande cha foromali.

Mlingoti mpya tafuta mvinje ulionyooka. Tazama maganda kabla ya kununua: mistari yake ikizunguka shina badala ya kupanda wima, uache, kwa sababu mti wa hivyo hupasuka kwa kuzunguka na hauna nguvu. Mafundo madogo yaliyotawanyika si neno, ila usikubali mafundo kadhaa yaliyokusanyika mahali pamoja. Ukishaumenya, paka rangi kwenye miisho yote miwili ili usikauke haraka kwa kupitia huko, uulaze kivulini juu ya magogo, na uugeuze mara kwa mara. Mti mbichi ukianikwa juani Lamu utapasuka mbele ya macho yako. Ukiambiwa kuna mkoko mzuri wa bei nafuu, uliza kwanza kibali cha Huduma ya Misitu kiko wapi. Mikoko hii ndiyo inayolea samaki unaowavua, na haikatwi ovyo.

Sasa foromali, ambayo habari yake ni nzuri zaidi. Inategemea ufa wake umekwenda vipi. Ufa unaofuata urefu wa mti, hata ukiwa mrefu, mara nyingi unaganguka. Ufa unaokatiza upana ni jambo jingine. Lowesha mahali pale kwa kitambaa, kisha ngoja juu pakauke: ufa hubaki na unyevu na kujionyesha kama mstari mweusi. Tazama pande zote, hasa ule upande unaobanwa foromali inapopinda. Ukiona vimistari vyembamba vinavyokatiza nyuzi, mti umeshakunjamana hapo na hautapona, hata kama upande wa pili unaonekana mzima.

Kwa ufa wa urefu: ufungue kidogo kwa kabari nyembamba, utoe uchafu, mti uwe mkavu kabisa, jaza gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, toa kabari, ubane kwa kamba. Usibane mpaka gundi yote itoke. Joto letu hufanya epoksi ichemke na kuganda haraka kwenye kopo, kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kwenye chombo kipana, asubuhi, kivulini. Iache siku nzima kabla ya kuigusa, na kama wiki moja kabla ya kuitwika mzigo kamili. Mwisho ipake rangi au vanishi, kwa sababu jua huiharibu epoksi iliyo wazi.

Kwa ufa wa upana, kata pale palipoumia uunganishe kipande kipya kwa mshazari mrefu. Urefu wa mshazari uwe mara 12 ya unene: foromali ya inchi 3 inataka mshazari wa futi 3 kamili. Mafundi wengine hufanya mara 8 ili kuokoa mti, na kwenye ubao wa ubavuni pengine itakaa, lakini foromali inapindwa kila wimbi, na pale unapoungia ndipo henza inapokamata. Usipunguze. Ukiweza, panga vipande ili kiungo kiwe mbali na henza, juu zaidi au chini zaidi.

Kama epoksi haipatikani au pesa imeishia kwenye kamba, njia ya wazee bado ni njia. Tia magango mawili ya mti mgumu, moja kila upande wa ufa, kila gango lipite ufa kwa angalau dhiraa moja juu na moja chini, miisho yake ichongwe iwe myembamba ili isiikate foromali. Kisha yafungwe kwa kamba mahali kadhaa, na kila fungo likazwe kwa kabari ndogo. Usitumie nailoni kufungia, italegea. Kazi kama hiyo nimeiona ikidumu msimu mzima kwenye vyombo vya mizigo. Foromali za majahazi makubwa zenyewe ni vipande vilivyolaliana vikafungwa, na zimekwenda Arabuni na kurudi.

Pale henza inapofungwa, vyovyote utakavyoganga, vika foromali ngozi au kamba iliyozungushwa kwa kubanana. Na ile kamba inayoishika foromali kwenye mlingoti iwe imekaza kiasi. Ikilegea, foromali inarudi nyuma na kuupiga mlingoti kila mawimbi yanapoinuka, na hakuna gango linalovumilia hayo.

Kuhusu waya wa chuma ubavuni, jibu langu ni hapana. Kamba zako za ubavuni zinalegezwa upande wa demani na kukazwa joshini kila unapopiga bisho (kwenda kinyume na upepo) ukageuza tanga. Waya ukishakazwa kwa skrubu hauhamishiki hivyo. Tena waya haunyumbuki, kwa hiyo mshtuko wote unashuka kwenye ubao na misumari ya mashua ambayo haikujengwa kwa mzigo huo. Utaokoa kamba, uharibu ubavu. Waya una mahali pake kwenye mashua za kisasa zenye mlingoti wa alumini, na huko sharti ni moja: uzi mmoja ukikatika, waya mzima unabadilishwa, kwa sababu nyuzi zilizobaki zimezeeka pamoja nao. Kwako wewe, badilisha kamba za ubavuni kwa polista ileile ya jarari na ukague pale zinapofungwa.

Ukimaliza, chagua siku ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na upepo mdogo. Pandisha foromali bila tanga kwanza, ishushe, ipandishe tena, uangalie gofia inaning'inia sawa na kamba inaingia katikati ya roda. Kisha funga tanga dogo la kusi, si lile kubwa, mtoke wewe na mabaharia wako tu, mkae mkondoni kati ya Lamu na Manda, msivuke nje. Bishaneni na upepo kidogo, pande zote mbili. Rudini, shusheni, kazeni kila fungo, kwa sababu kamba mpya hulegea siku za mwanzo, na mrudie tena kesho yake. Wageni wasubiri mpaka mafungo yaache kulegea.

Ukishaulaza mlingoti, niandikie unene wake kwenye mwashiri, kina cha uozo kama upo, na urefu wa foromali kutoka ncha hadi ncha. Kwa vipimo hivyo vitatu nitakwambia mvinje wa unene gani uutafute.